Steshenari ya Mwalimu pale Nsambya, Kampala: nilienda kutafuta Kanada, nikaambiwa ukweli

Hii naandika kwa wenzangu wa Kampala na wale wa makambi ambao kila siku mnaulizana kwenye simu ni nani anajaza fomu vizuri bila kutuibia. Nampa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyokata ntaieleza huko chini sababu sio kitu kidogo.

Mahali penyewe ni chumba kimoja cha kupanga, mbele wanatoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, ndani kuna kompyuta 2, skana moja, benchi la mbao na meza moja ambayo ndo ofisi. Mlangoni hakuna hata jina, watu wanasema tu "kwa Mwalimu". Mwenyewe ni mkimbizi wa Kongo kama sisi, alikuwa anafundisha historia na jiografia kule Kivu ya Kusini kabla vita haijamtoa. Fotokopi shilingi 200, kuskani karatasi 500, barua ya kawaida 5,000, na ile pakiti nzima ya kujaza fomu za kuhamia nchi ya tatu, yani sio ya kwenu wala Uganda, na kuzituma kwa imeli ni 150,000. Kuna wanaotoza bei ya chini na kuna wanaotoza mara 5 ya hiyo.

Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimeshaliwa pesa. Kuna dalali mmoja alikuwa anazunguka kwenye makanisa yetu anasema ana mtu wake ndani, ukimpa 800,000 faili yako inatolewa chini inawekwa juu na baada ya miezi 6 mnaitwa intavyu. Nikampa. Niliuza cherehani, nikakopa na kwenye chama cha akina mama, nikampa, alafu miezi 6 ikaisha ikaja 9, kila nikipiga simu ananiambia mama faili ilikuwa imeshafika juu lakini kuna karatasi ina doa, ongeza kidogo tuisafishe. Kilichoniuma kuliko pesa ni hilo neno doa. Nikaanza kujichunguza, labda ni tarehe ya kuzaliwa ya kijana wangu, labda kuna kitu nilijibu vibaya pale Nyakabande kwenye kituo cha kupokea wakimbizi mwaka 2012 tulipovuka mpaka wa Bunagana na watoto mgongoni na milio ya risasi nyuma yetu, labda mimi ndo sifai. Usiku silali nawaza doa.

Mwanzoni mwa 2025 ndugu yangu mkubwa akanishika mkono akanipeleka kwa Mwalimu. Nikaweka 150,000 mezani nikamwambia nataka Kanada, ile ya kikundi cha watu 5 wanakudhamini, maana kuna rafiki wa dada yangu yuko Winnipeg kule Kanada alisema ataunda kikundi. Mwalimu hakugusa pesa. Aliomba karatasi zote, akazisoma moja moja kama mtu anayechambua mchele, karibu saa nzima, hata watu wa fotokopi wakaanza kulalamika. Alipomaliza akasema faili yako haina doa, kuna mtoto mmoja jina lake limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye karatasi 2, hilo unalirekebisha OPM, ile ofisi ya waziri mkuu inayoandikisha wakimbizi, na hulipi kitu. Alafu akasukuma pesa yangu ikarudi upande wangu, akasema Kanada ilisimamisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu 5 tangu tarehe 29 Novemba 2024, nikijaza hii fomu leo ntakuwa nakula pesa yako bure. Siku hiyo nililipa 3,000 tu ya fotokopi.

Nimekaa Uganda miaka mingi na hakuna mtu wa fomu aliyewahi kunirudishia pesa.

Aliniambia pia kitu ambacho ningekijua mapema yule dalali asingenipata. Hakuna ngazi hata moja ya kuhamishiwa nchi ya tatu inayolipiwa, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inapendekeza tu majina lakini nchi yenyewe ndo inaamua itapokea watu wangapi na kina nani, na dunia nzima wanaohamishwa kwa mwaka hawafiki hata mkimbizi 1 kati ya 100. Kwa hiyo hakuna juu wala chini ya faili, mlango ukifungwa kule umefungwa kwa wote, mwenye karatasi safi na mwenye karatasi chafu. Nikamuuliza, sasa Mwalimu kama sina doa kwa nini hawatuchukui, hizo nchi si ndo tajiri na ardhi wanayo? Akasema njoo Jumamosi.

Sasa hiyo Jumamosi ndo sababu hasa ya mimi kuandika. Kila Jumamosi asubuhi anafunga fotokopi, anageuza benchi, watu wanajaa mpaka nje, na anafundisha bure. Ukutani ameweka ramani ya dunia na karatasi moja ya gazeti aliyoitoa kwenye intaneti, imechakaa. Ni tangazo la Septemba 1972 kwenye Uganda Argus, gazeti la hapa hapa Kampala. Mnakumbuka mwezi wa nane mwaka ule Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, na wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Basi halmashauri ya mji wa Leicester kule Uingereza ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije Leicester. Sababu zimeandikwa pale wazi: nyumba hakuna, familia maelfu ziko kwenye foleni ya nyumba, shule zimejaa watoto wanasubiri nafasi, huduma za afya na ustawi zimefika mwisho. Mwalimu alimsimamisha binti mmoja wa sekondari akatufasiria mstari kwa mstari, alafu akauliza, haya maneno mmeyasikia wapi? Watu wote wakasema redioni, jana.

Wale Wahindi walienda. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000, maelfu wengine wakaenda Kanada, na Leicester walienda wengi vilevile licha ya tangazo lao. Leo mji ule unajivunia sherehe zake za Diwali, ni kati ya kubwa kuliko zote nje ya India, na wale waliofika na begi moja wakafungua maduka na viwanda wakaajiri watu wa pale pale. Mwalimu hakusema kwamba tangazo lilikuwa uongo. Alisema foleni ya nyumba ilikuwepo kweli, ila halmashauri ilihesabu midomo inayokuja ikasahau kuhesabu mikono.

Hapo mama mmoja akauliza swali zuri sana, kama mikono inaleta faida mbona bado wanaogopa, hawajui hesabu? Jibu lilichukua karibu masaa 2, naandika niliyoyashika.

Ya kwanza ni kwamba gharama inakuja leo na faida inakuja baadaye. Serikali ya Marekani yenyewe ilipiga hesabu ya miaka 15, kuanzia 2005 mpaka 2019, ikakuta wakimbizi na waliopewa hifadhi waliingizia serikali dola bilioni 123.8 zaidi ya walichotumia. Lakini anayegombea uchaguzi hasubiri miaka 15, anasubiri miaka 4, na ndani ya hiyo miaka 4 mpiga kura anaona tu foleni ya hospitali imeongezeka. Na nchi nyingine zinajiongezea gharama zenyewe. Uingereza mwaka 2023 ilikuwa inatumia kama pauni milioni 8 kwa siku kuwalaza waomba hifadhi hotelini, na watu hao hao kwa mwaka wa kwanza mzima wanakatazwa kufanya kazi. Hebu fikiria, mtu ana mikono yake, unamfungia chumbani, unamlisha, alafu unamwonyesha kwenye gazeti kwamba ni mzigo. Hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya 2006 inaniruhusu kufanya kazi na kutembea ninakotaka, mimi nilishona nguo za shule za watoto wa Kiganda kwa cherehani yangu na hakuna serikali iliyonilaza hotelini hata siku moja.

Ya pili ilinifungua macho kuliko zote. Ule mkataba wa wakimbizi wa 1951 unasema mkimbizi akishakanyaga ardhi yako huwezi kumrudisha kwenye hatari. Nchi tajiri nyingi zilisaini, kwa hiyo mbinu yao ni kuhakikisha hukanyagi. Ndo maana pale uwanja wa ndege wa Entebbe anayekuzuia sio askari wa Ulaya, ni mfanyakazi wa shirika la ndege kwenye kaunta, sababu ndege ikikupeleka bila viza shirika ndo linapigwa faini na linalipia kukurudisha. Tiketi ni dola mia kadhaa lakini watu wanalipa maelfu kupita jangwani na baharini kwa ajili ya hiyo kaunta. Uganda haina hiyo kaunta. Bunagana, Ishasha, Mpondwe, watu wanakuja kwa miguu, na ukishafika umefika. Ndo maana wakimbizi wengi wa dunia, kama 7 kati ya kila 10, wako kwenye nchi zisizo tajiri, na hapa kwetu tumepita milioni 1.7. Sio kwamba nchi jirani zina nafasi kubwa, ni kwamba ziko jirani.

Alafu wakiona mbali haitoshi wanalipa. Umoja wa Ulaya mwaka 2016 ulikubaliana na Uturuki kwa yuro bilioni 6 iwashike Wasiria. Australia ikaanza 2001 kuwapeleka watu wa mashua Nauru, kisiwa kidogo hata kwenye ramani ya Mwalimu ni nukta. Uingereza ikataka kupeleka watu Rwanda, mkataba wa Aprili 2022, wakatumia pauni milioni mia kadhaa, mahakama yao kuu kabisa ikasema Novemba 2023 sio halali, na mpaka serikali mpya inaufuta 2024 walikuwa wameenda watu 4 tu, tena kwa hiari. Hapo benchi zima lilipiga kelele, sababu wengi wetu Rwanda tunaijua na wengine wamekimbia mambo ya huko huko mpakani. Na mwaka huo wa 2025 ilipofika Agosti tukasikia Marekani imekubaliana na Uganda ipokee watu inaowafukuza, Septemba Uholanzi nayo ikasaini karatasi yake na Uganda. Kijana mmoja akasema kwa hiyo sisi tunasubiri kwenda kwao na wao wanaleta watu kwetu. Mwalimu alikaa kimya kidogo akasema ndiyo, ndo ilivyo.

Kuhusu hofu hakuificha. Alieleza Ujerumani mwaka 2015 ilipopokea karibu watu 890,000 na Merkel, kiongozi wao wakati ule, akasema tutaweza, na mwanzoni watu walikuwa wanapiga makofi stesheni za treni, alafu mwezi Novemba mwaka ule ule yakaja mauaji ya Paris, na usiku wa mwaka mpya wanawake wengi wakanyanyaswa pale Cologne na kati ya watuhumiwa kulikuwa na waomba hifadhi, na makofi yakaisha. Chama kinachopinga wageni kikaingia bungeni 2017 kwa mara ya kwanza na 2025 kikashika nafasi ya pili. Wale waliofika 2015 wengi wao leo wako kazini, lakini hilo halipigiwi kura. Kila chama kingine kikiangalia Ujerumani kinasema mimi sitaki yanikute.

Hapa ndo mimi na Mwalimu hatukubaliani vizuri. Yeye anaweka uzito wote kwenye kura na gharama, yule kijana alisema ni ubaguzi tu, na mimi roho yangu iko karibu zaidi na ya kijana. Vita ya Ukraine ilipoanza Ulaya ilifungua sheria ya hifadhi ya muda iliyokuwa imekaa kabatini tangu 2001, ndani ya wiki moja na kitu, na watu zaidi ya milioni 4 wakapewa makazi, shule, kazi, bila kaunta bila foleni. Nawaombea wale akina mama wa Ukraine, najua maana ya kukimbia na mtoto. Lakini nyumba zilitoka wapi? Shule zilipatikana wapi, ikiwa zilikuwa zimejaa? Na Marekani iliyosimamisha wakimbizi wote Januari 2025 ndo hiyo hiyo ikapanga nafasi 7,500 tu kwa mwaka unaofuata, nyingi zikawekewa Wazungu wa Afrika Kusini. Mwaka mmoja tu nyuma yake walikuwa wamepokea zaidi ya 100,000 na Wakongo tulikuwa wengi kuliko taifa lolote. Japani nayo ni tajiri na mwaka 2024 iliwatambua wakimbizi 190. Zile nchi za Ghuba zenye mafuta hata mkataba wenyewe hazikusaini. Mwalimu anasema hofu inachagua sura, mimi nasema basi tuuite kwa jina lake.

Ila na mimi nina la kukiri. Nilipokuwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja, majirani zetu wenyeji walikuwa wanalalamika kuni zimeisha, maji ya kisima foleni, wengine walisema ardhi yao ndo tuliyopewa, na nilikuwa nawakasirikia. Hapa Nsambya nako mama mwenye nyumba anasema wakimbizi tumepandisha kodi ya vyumba. Sasa nikisoma lile tangazo la Leicester nasikia sauti ya majirani wa Rwamwanja, mtu aliyechoka na foleni. Tofauti ni kwamba wale majirani hawakuwa na kitu na bado hawakutufukuza. Tena Mwalimu alitukumbusha kwamba wakati wa vita kuu ya pili Wapoland kama 7,000, akina mama na watoto wengi, walikimbilia Uganda wakakaa Nyabyeya kule Masindi na Koja, kanisa walilojenga Nyabyeya lipo mpaka leo. Wazungu wakimbizi, Uganda, na waliokuwa wanaamua wapokelewe hata hawakuwa Waganda. Mimi sikuwa najua kabisa.

Na huu ukarimu wa Uganda una mtu wa kuulipia pia, sio hewa. Nchi tajiri zilikuwa zinasema hatuwachukui lakini tutawasaidia huko huko mliko, alafu 2025 msaada ukakatwa na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ikawatoa watu kama milioni 1 kwenye orodha ya chakula hapa Uganda. Yani wamefunga mlango na wamepunguza sahani kwa pamoja.

Kwa hiyo huduma ya Mwalimu mi naiona ni dawa ya madalali. Dalali anauza kwa sababu hatujui kwa nini tunakataliwa, anatuambia ni doa, anatuambia ni mtu wa ndani. Ukishajua kwamba nafasi zilikatwa na rais ofisini kwake, au na bunge linaloogopa uchaguzi, huwezi kumpa mtu wa kanisani 800,000 asukume faili. Tangu Jumamosi ile nalala.

Sasa ile nyota moja. Chumba ni kimoja. Ukikaa mezani kuandikisha yaliyokupata, benchi zima linasikia. Mara yangu ya pili kuna dada alikuwa anaeleza aliyofanyiwa na wanaume wenye silaha, na mtu wa fotokopi amesimama hapo hapo anasubiri chenji yake. Yule dada alinyamaza katikati akasema andika tu walinipiga. Unaona, hapo ndo kesi inaharibika kweli, na moyo pia. Nilimwambia Mwalimu waziwazi, akakubali, akaweka pazia na siku ya Jumatano akaitenga kwa wanawake na kuna mama mtu mzima anakaa nao. Ni afadhali. Lakini pazia ni pazia, sauti inapita. Kama kuna mtu ana chumba cha ziada maeneo yale amsaidie, hata siku moja kwa wiki.

Mengine ni madogo. Umeme ukikatika kazi imelala sababu hana jenereta, skana ni ya polepole, na Mwalimu akianza kueleza hasimami, ukiwa na haraka utaumia. Choo ni cha kuomba kwa jirani. Nenda na karatasi halisi sio picha za kwenye simu, na Jumamosi fika kabla ya saa 3 asubuhi vinginevyo utasimama nje kwenye jua.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka shangazi yangu, ametoka Rwamwanja kwa basi. Shangazi alikuwa na tiketi ya Februari 2025 kwenda Marekani, walishampiga medikali, alishauza mbuzi na masufuria na kuaga watu kanisani, alafu simu ikapigwa kwamba hakuna safari. Sasa hivi amekodi shamba la jirani analima mahindi. Alikaa mbele kabisa, akasikiliza yote, Leicester, kaunta ya ndege, kura za Wajerumani, hakusema neno. Mwisho Mwalimu akamuuliza mama una swali, akafungua mkoba akatoa bahasha kubwa ya hospitali iliyofungwa na kitambaa, akauliza hizi picha za kifua walizonipiga zinaisha muda lini. Mwalimu akazishika, akaangalia tarehe, akamwambia, mama, zimeshaisha.